Matanga ya Mtu Aliyeketi

Watu wa mtaa wa Kamalondo wana tabia moja ambayo mgeni anapaswa kuijua mapema: wakikuazima kitu, hawakiachi kiende peke yake. Ukiazima sufuria kwa jirani, jirani atapita mara mbili kabla jua halijatua, "napita tu," huku jicho lake likiitafuta sufuria. Si uchoyo. Ni kwamba enzi zile za Wabelgiji, mji ukiitwa bado Élisabethville, kitu kizuri kilikuwa kimoja kwa mtaa mzima, nacho kilitembea nyumba kwa nyumba kama padri anayebariki. Kila mtu alilijua hilo. Godefroid naye alilijua, ila alikuja kulisahau siku asiyopaswa kulisahau.

Godefroid alikuwa karani, mtu wa Kasai, amesomeshwa na mapadri mpaka akawa anaota kwa Kifaransa. Mkewe Virginie alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli kutoka Katanga ya kaskazini, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Mtoto wao alikuwa mmoja, Edith. Na ndani ya nyumba hiyohiyo aliishi Mama Ngalula, dada wa marehemu baba yake Godefroid, ambaye hakuwahi kuvaa viatu na hakuona sababu ya kuanza. Kwa Waluba wa Kasai, dada wa baba ni baba pia. Godefroid alimwita Tatu, yaani baba, na alimwogopa hivyohivyo.

Mtu huyu alitaka kitu kimoja duniani: karte. Serikali ilikuwa imebuni karte ya kumtambua Mweusi aliyestaarabika, evolué. Mwenye karte hakuchapwa fimbo. Hakupanga mstari kwenye dirisha la nyuma. Na kengele ya kufunga cité, mtaa wa Weusi, ikishalia, yeye aliweza kutembea mjini bila kukamatwa. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Mwaka mmoja kabla, Edith aliwaka homa ya masikio, baba yake akatoka baada ya kengele kumtafuta daktari, polisi wakamlaza kituoni mpaka asubuhi. Mtoto alipona, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Kwa hiyo tusimcheke sana. Tutamcheka kwa kiasi.

Ili upewe karte, tume ya wazungu ilikuchungulia mpaka chini ya kitanda. Mkubwa wa tume aliitwa Monsieur Delporte. Cité ilimwita Bwana Polepole, kwa sababu alisema na Weusi neno mojamoja, kana kwamba wote wameamka sasa hivi. Alikuwa amemwambia Godefroid, "Jumanne jioni nitakuja kuiona nyumba yako. Lakini Jumapili nitakuona kwenye sikukuu, wewe na familia. Mtu aliyestaarabika hujulikana anapofurahi."

Godefroid alirudi nyumbani akiwa anatetemeka kwa furaha, na akapiga marufuku furaha yote mpaka Jumatano.

*

Jumapili asubuhi alipanga familia yake uani kama askari. Virginie alikuwa na viatu vya kisigino vilivyomwuma. Edith alikuwa na soksi nyeupe na amri ya kutokaa chini. Yeye mwenyewe alikuwa na tai na kofia. Kisha akamgeukia shangazi yake, akajikohoza, kwa sababu hakuweza kusema neno gumu bila kulikohoza kwanza.

"Tatu, weye utabakia. Nyumba haiwezi kubakia bila muntu."

"Nyumba itakimbia?" aliuliza Mama Ngalula.

"Hapana, Tatu. Lakini kule kutakuwa bazungu bakubwa. Kutakuwa viti. Na weye hautaki viatu."

"Miguu yangu njo inasikia ngoma. Nikiifunga, itasikia na nini?"

"Njo ile tu ninasema," alijibu Godefroid. "Bakia."

Mama Ngalula aliitazama tai yake, halafu akamtazama yeye. Hakugomba. Alikaa kwenye kizingiti akaanza kuchambua sombe, majani ya muhogo, na Godefroid akashukuru kwamba mambo yameenda vizuri. Virginie, aliyekuwa ameishi na wote wawili miaka ya kutosha, hakushukuru chochote.

"Huyu mama ananyamaza," alisema walipofika njiani. "Nakuambia tu."

"Acha anyamaze. Njo adabu."

"Bon," alisema Virginie, akavua kiatu kimoja kuondoa kokoto.

*

Sikukuu yenyewe iliitwa Sikukuu ya Miziki ya Mataifa na Makabila Yote, ikafanyika kwenye uwanja wa mpira kando ya Kamalondo. Kamati ilikuwa imeandika kwenye bango kubwa kwamba muziki hauna mipaka. Chini ya bango hilo, tangu alfajiri, vibarua walikuwa wakifunga kamba za kuweka mipaka.

Wabelgiji walikuwa na viti vya mikono chini ya turubai. Wagiriki, Waitalia na Wareno, ambao walikuwa wazungu lakini wazungu wa kuuza mikate na samaki, walipewa viti vya mbao, nusu kivulini na nusu juani. Maevolué walipewa benchi zisizo na mgongo, juani kabisa. Waliobaki walikaa chini, kila kabila ndani ya kamba yake na kibao chake, kama mbuzi wa maonyesho.

Polisi wa kwenye kamba alimsimamisha Virginie. "Kabila gani?"

"Muluba ya Katanga."

"Baluba ya Katanga kule. Na bwana yako?"

"Ya Kasai."

"Baluba ya Kasai huku." Kisha akamwona Edith, akakwama. Alitazama kibao hiki, akatazama kile. "Na mutoto?"

Hakuna aliyekuwa amemfungia Edith kamba. Godefroid alitoa mwaliko wake wenye mhuri, wakapitishwa wote watatu mpaka benchi la mbele la maevolué, nyuma tu ya turubai, mahali ambapo Bwana Polepole angeweza kugeuka na kuwaona. Na aligeuka mara kwa mara. Kila alipogeuka, Godefroid alinyoosha mgongo, Virginie alificha miguu, na Edith alitabasamu kama alivyofundishwa, meno ya juu tu.

Miziki ikaanza. Wabelgiji walipiga tarumbeta, wakapigiwa makofi. Wagiriki walicheza wakishikana mabega mpaka mmoja akalia, wakapigiwa makofi kidogo. Wakaja pia Waskoti kutoka Rhodesia, wanaume wazima wenye sketi, wamekumbatia mfuko unaolia. Kwenye kamba za makabila watu waliangaliana wakauliza kwa sauti ya chini kama hao nao wamepewa karte.

Zamu ya Weusi ilipofika, kamati ilikuwa na masharti yake. Vijana wa mgodini Kipushi walileta magitaa, suruali zilizopigwa pasi na nyimbo nzuri sana. Kamati ikawaambia gitaa si muziki wa Mweusi. Waliporudi uwanjani walikuwa vifua wazi, wamevaa manyoya ya kuku, na mmoja wao, ambaye alikuwa fundi wa umeme, alishika mkuki kama mtu anayeshika mwavuli wa mwingine. Wavuvi wa Kasenga nao waliambiwa wapige kasia. Walipiga kasia kwenye nyasi, kwa uaminifu, kutoka goli moja mpaka la pili.

Adhuhuri Virginie alifungua kikapu. Humo mlikuwa na mkate, sardini na uma tatu za kuazima.

"Mukate na fourchette?" aliuliza.

"Bwana anaangalia."

Bwana Polepole alikuwa anaangalia kweli. Alikuwa ameshika paja la kuku kwa mkono wake wote, mafuta yakimshuka mpaka kwenye kifundo, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika kuona familia ya Weusi ikichoma mkate kwa uma.

*

Halafu wakaitwa wanawake wa Kasai. Waliingia kumi na kitu hivi, wamefunga vitambaa, hawana haraka. Mbele yao alitembea mwanamke mzee asiye na viatu.

"Papa," alisema Edith, akinyoosha kidole, "Tatu njo ule."

Godefroid aliishusha kofia yake mpaka machoni. Sombe ilikuwa imeachwa kizingitini.

Kasala waliyokuja kuimba si wimbo wa kusikilizwa. Ni wimbo wa kuitwa. Mwimbaji anakutaja wewe, anamtaja baba yako na aliyemzaa baba yako, anataja sifa za ukoo mpaka nywele zinakusimama. Nawe ukitajwa unasimama hapohapo, unajibu kwa jina la nguvu la baba zako, unavua kitu mwilini mwako unampa. Kofia, shuka, chochote kilichokushika ngozi. Alichopewa mwimbaji hakirudi, hata kingekuwa cha nani. Tajiri anasimama, mgonjwa anasimamishwa. Katika ukoo wa Godefroid kuna mtu wa aina moja tu ambaye anaitwa mara tatu na hajibu, na wimbo wake ni huohuo, ila unaimbwa mikono ikiwa kichwani.

Mama Ngalula alifika mbele ya benchi za maevolué, akasimama. Sauti yake ilikuwa nene kuliko mwili wake. Aliimba kwa lugha ya Kasai, na jina la mapadri lilipopita mdomoni mwake mzungu asingelitambua.

"Godefroid wa Kabeya, Kabeya wa Mulumba,
mjukuu wa kisiki kilichovunja jembe,
watu wa mto usiovukwa na viatu,
nakuita kwa mdomo wangu. Simama nikuone."

Hakuwa na nia mbaya, hilo liandikwe. Alikuwa ameachwa nyumbani kama kitu cha aibu, na hii ndiyo ilikuwa namna yake ya kusamehe: kumpa kijana wake, mbele ya mji mzima, kitu kikubwa alichokuwa nacho.

Magoti ya Godefroid yaliinuka kidogo yenyewe. Hapo Bwana Polepole akageuka.

"Anamwita nani, huyu bibi?"

Godefroid alijikohoza. "Hamwiti mtu, Monsieur. Ni wimbo wa zamani."

Mama Ngalula akaita mara ya pili. Virginie alimsukuma mumewe kwa kiwiko, kwa nguvu. "Simama, weye."

"Siwezi."

"Anakuita na baba yako."

"Virginie, siwezi. Anaangalia."

Mara ya tatu sauti ya mzee ilishuka, ikawa karibu ya kubembeleza. Waluba wote walinyoosha shingo ndani ya kamba zao. Godefroid alitazama mbele, mikono juu ya magoti, jasho likimtiririka chini ya tai. Alikaa. Moyoni alikuwa anasema atamweleza nyumbani.

Mama Ngalula alingoja. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitupa chini, akaweka mikono miwili juu ya mvi zake.

"Basi," alisema. "Amekufa."

Wanawake wote wakaanguka. Walimlilia Godefroid wa Kabeya, kijana aliyesoma, aliyekuwa na mkono mzuri wa kuandika, aliyeacha mke na mtoto mdogo. Machozi yalikuwa ya kweli, maana kila mmoja alikuwa na wake wa kumkumbuka. Mbele yao marehemu alikaa wima, amevaa kofia.

Chini ya turubai Wabelgiji walisimama wakapiga makofi. Hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta tangu asubuhi. Bwana Polepole alikuwa na machozi.

"Wanamlilia nani?" alinong'ona.

"Mtu fulani aliyekufa, Monsieur."

"Zamani sana?"

"Hapana, Monsieur. Karibuni."

"Na wewe huguswi hata kidogo," alisema Bwana Polepole, akimtazama kwa heshima mpya. "Unakaa kama mimi. Vizuri sana, Godefroid. Vizuri sana."

Wanawake wa Kasai walipewa zawadi ya kwanza: gunia la unga wa mahindi na kreti ya samaki wa chumvi. Waliipokea wakiwa bado wanalia, na kamati ikasema hao ndio wasanii.

*

Zawadi ya kwanza ndiyo iliyolisha matanga. Jumatatu Godefroid aliporudi kutoka kazini alikuta uani kwake moto mkubwa, mikeka, na wanawake wa Kasai wakiwa wamekaa miguu imenyooshwa. Sufuria ya bukari, yaani ugali, ilikuwa inachemka. Jirani yake Stanislas, katekista, mtu mpole mwenye kuheshimu misiba yote bila kuuliza ni ya nani, aliinuka akampa mikono miwili.

"Pole sana, ndugu."

"Pole ya nini?"

Stanislas alivua kofia kwanza. "Ya Godefroid," alisema.

Wakaja wengine. Zéphirin, fundi cherehani, alimpa pole. Mado, aliyefua nguo za wazungu, alimkumbatia akamwambia Mungu ndiye anayetoa. Mtu hajui afanye nini anapopewa pole kwa kifo chake; Godefroid alijikuta akisema asante.

Alimfuata Virginie jikoni. "Nipatie chakula, nimechoka."

Virginie alikuwa amejifunga kitambaa cheusi. Alikuwa akipakua bukari kwenye sahani kumi, na hakumpakulia. "Mufu anakulaka?"

"Hata weye?"

"Mimi niliona na macho yangu. Bakuita mara tatu. Nilikusukuma, ukawa baridi tu."

Akaenda kwa shangazi yake, akachuchumaa mbele ya mkeka, suruali ikibana. "Tatu, niangalie. Niko muzima."

"Naona muntu mwenye tai," alisema Mama Ngalula bila ukali. "Mutoto ya kaka yangu nilimuita mbele ya bantu yote. Hakujibu."

"Nilikuwa na muzungu pembeni yangu."

"Bon. Na ugonjwa sasa tumeujua."

Wanawake walicheka kidogo kisha wakakumbuka kazi yao, wakalia. Godefroid alishusha sauti. "Tatu, kesho jioni ule muzungu anakuya huku nyumbani. Ni kwa karte. Ni kwa Edith, unajua ile busiku ya sikio. Endeni kwa jirani yetu Mama Kapinga, mulilie kule. Siku moja tu."

"Matanga inahamaka? Maiti iko hapa." Mzee alimshika mkono, na safari hii macho yake yalikuwa na maji. "Sikia, mwanangu. Kesho jioni nitaita mara ya mwisho. Asipojibu, tunamwaga majivu, na ile jina haitaitwa tena mu hii ukoo. Hakuna mutoto atakayepewa. Sitaki. Lakini sikutunga mimi hii mambo."

*

Jumanne vitu vikaanza kuingia nyumbani kwa Godefroid. Zéphirin alimwazima koti lake jeusi, la sufu, koti lililooa nusu ya Kamalondo. Mado alimwazima kitambaa cha meza, uma na visu. Stanislas alimwazima kiti chake cha mikono na saa ya ukutani. Mpaka jioni chumba kilikuwa kimestaarabika kabisa, hata Virginie alipita pembeni ili asiguse kitu.

Na kwa kuwa kulikuwa na matanga uani, wenye vitu hawakuhitaji sababu ya kupita. Waliingia, wakatoa pole, wakakaa mahali ambapo mlango ukiwa wazi wangeweza kuona ndani. Zéphirin alikaa karibu kuliko wote.

Bwana Polepole alifika na gari lake. Aliona watu, moto, wanawake waliovua vitambaa. Alivua kofia. "Nani amekufa?"

"Ndugu wa mbali, Monsieur," alisema Godefroid.

"Na bado umevaa, umejiandaa, umenipokea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Akakaa kwenye kiti cha Stanislas. Alitazama saa, akatazama meza. Aliinua uma akaupima mkononi. Alifungua kabati, akachungulia chooni, akarudi ameridhika. Kisha akataka kumsikia mtoto. Edith alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akaanza kukariri mito ya Ubelgiji kwa Kifaransa, mmoja baada ya mwingine, bila kosa. Baba yake alikuwa akiitaja pamoja naye kwa midomo tu.

Nje Mama Ngalula akaanza.

Haikuwa sauti ya uwanjani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, anayeita mtoto aje kula. Godefroid wa Kabeya. Kabeya wa Mulumba. Mjukuu wa kisiki kilichovunja jembe. Godefroid aliendelea kutazama midomo ya Edith. Mto ule, na mto ule, na bado miwili.

Edith akanyamaza. Aligeuza kichwa, sikio la kulia kuelekea mlangoni.

"Endelea, mtoto," alisema Bwana Polepole, polepole.

"Papa," alisema Edith. "Banakuita."

"Nani anakuita?" aliuliza bwana.

Godefroid alifungua mdomo aseme hakuna. Neno lilikuwa tayari, lilishamtumikia siku ya Jumapili. Lakini alimwona mtoto amesimama hivyo, kichwa upande, kama alivyosimama tangu ile homa kila alipotaka kusikia kitu, na neno likamkwama. Mwenye sikio moja amesikia. Yeye mwenye mawili anasema hakuna. Aliona aibu kiasi cha kuumwa, na hakujikohoza.

"Ni mimi, Monsieur," alisema. "Wananiita mimi."

Akatoka.

Uani watu walisogea. Mama Ngalula alikuwa na sahani ya majivu mapajani, na alipomwona hakusimamisha wimbo. Aliurudisha nyuma kidogo tu, kwa jina la babu, ili ampe nafasi. Godefroid alisimama mbele yake. Alijibu. Alisema jina la nguvu la baba zake, mara ya kwanza kwa sauti ya karani, mara ya pili kwa sauti yake. Alikuwa analia, na hakujificha. Kisha, kwa kuwa mkono lazima utoe kilichoshika mwili, akavua koti, akamfunika nalo shangazi yake mabegani.

Wanawake wakapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele ikasikika sauti ya mtu mmoja.

"Ile koti ni yangu."

Ilikuwa ya Zéphirin. "Ni yangu," alirudia, akitafuta macho ya watu. "Nilimwazima tu, sababu ya muzungu."

"Ilikuwa kwa mwili yake," alisema Mama Ngalula, akiingiza mikono kwenye koti. "Hairudi kwako tena."

Hapo ndipo Kamalondo ilipoelewa hatari. Mtu ambaye ametoa koti la watu anaweza kutoa kitu chochote. Mado aliinuka wa kwanza. Aliingia ndani, akamsalimu bwana kwa adabu zote, "Bonjour Monsieur," akakusanya uma zake na visu vyake, akavihesabu, akavuta kitambaa chini ya glasi ya Bwana Polepole bila kumwaga tone. Alikuwa fundi wa kazi hizo. Stanislas alikuja nyuma yake akaitungua saa, akaikumbatia kifuani, inapiga tik tik kwenye kanzu yake. Chumba kikawa na meza yenye doa, kabati tupu, na mzungu mmoja amekaa.

Stanislas hakutoka. Alisimama mbele ya bwana, kofia mkononi, saa kwapani, akingoja. Bwana Polepole alimtazama. Alitazama ukuta ambao saa ilikuwepo. Aliitazama meza. Alielewa polepole, kama alivyosema kila kitu, na alipoelewa uso ulimbadilika rangi.

"Na kiti hiki?" aliuliza.

"Ukimaliza tu, Monsieur," alisema Stanislas. "Hakuna haraka."

Bwana Polepole akainuka. Stanislas akamshukuru, akakibeba kiti kichwani.

Mlangoni bwana alikutana na Godefroid, shati limelowa, tai imekwenda shingoni nyuma. Kwa muda alionekana kama anayetaka kumwonea huruma.

"Ulikuwa umeipata," alisema. "Jumapili, pale kwenye benchi, nilikuwa nimeshakuandika. Leo nilikuja kunywa tu kahawa."

"Ndiyo, Monsieur."

"Mwakani uje uimbe pamoja nao. Kamati itafurahi. Tutakutafutia manyoya."

Gari likaondoka. Karte haikuja, wala hakuna aliyeingoja. Kengele ya cité iliendelea kumfungia Godefroid kama ilivyofungia wengine, na asikudanganye mtu kwamba haikumuuma; ilimuuma mpaka uhuru. Lakini jioni ile alisimama uani hajui akae wapi, maana viti vyote vilikuwa vimekwenda kwa wenyewe.

Mama Ngalula alimwaga majivu pembeni ya jiko, mahali pa majivu ya kila siku. Koti lilimfika magotini. Zéphirin alikuwa amesogea, akakaa kwenye mkeka pembeni yake, akiulinda mkono wa kulia wa koti usiingie kwenye mchuzi. Angekaa pale jioni nyingi, "napita tu," mpaka watu wakamzoea.

"Virginie," mzee aliita. "Letea bwana yako bukari. Nyingi. Anatoka mbali."

Virginie akafungua kitambaa cheusi, akapakua. Godefroid alikaa chini, miguu imenyooshwa, na Edith akaja kukaa kushoto kwake, ili sikio lake zima liwe upande wa baba.